Picha Safi Kwenye Ekstenda ya KVM ya Mtandao: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa mafundi wa Mwanza, Musoma na Bukoba ni hili: ekstenda ya KVM (jozi ya vifaa vinavyopeleka picha, kibodi na mausi mbali na kompyuta kupitia mtandao) imefungwa, picha imetokea, mausi inatembea, lakini maandishi yana ukungu, rangi nyekundu inachuruzika pembeni, na mteja analalamika kwamba kompyuta "inavuta". Karibu kila anayeuliza ameshafungua menyu ya ekstenda na kuhangaika na kipimo cha ubora wa video. Amepandisha, ameshusha, hali ni ileile.

Kipimo hicho huguswa mwisho. Picha mbovu huanzia kwenye kompyuta, au kwenye monita, au kwenye waya na swichi, na ubanaji wa video, yaani kupunguza data ya picha ili ipite kwenye mtandao, ndio wa nne kwenye foleni. Ukiruka mpangilio huo utabadilisha vitu vitatu kwa pamoja na hutajua kipi kimesaidia.

## Hesabu moja ya kukaa nayo

Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye biti 24 kwa kila pikseli na fremu 60 kwa sekunde, ni takribani gigabiti 2.99 kila sekunde. Mtandao wa gigabiti moja, ukiondoa mzigo wa itifaki, hupitisha karibu megabiti 940. Kwa hiyo kila ekstenda ya gigabiti moja ama inabana picha hiyo au inaruka fremu, hata kama boksi lake linajisifu vingine. Picha ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, kwa fremu 60 hufika gigabiti 11.9, hata njia ya gigabiti 10 haiibebi ikiwa mbichi.

Ubora wa picha, wepesi wa mwitikio na nafasi kwenye mtandao vinakula sahani moja. Kazi yako ni kujua mteja anahitaji kipi zaidi, halafu kuhakikisha hakuna kinachopotea bure.

## Vitu vya kuandaa

- Ekstenda yenyewe: kitumaji, kinachokaa kwenye kompyuta, na kipokezi, kinachokaa kwa mtumiaji.
- Monita mbili za aina moja, kwa ajili ya kulinganisha.
- Swichi ya gigabiti yenye ukurasa wa mipangilio. Zile ndogo zisizo na mipangilio zinafaa kwa jaribio la mezani tu.
- Kebo ya Cat6 ya shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe dukani.
- Laptop mbili zenye poti ya gigabiti na programu ya iperf3, ya kupima kasi ya mtandao.
- Simu inayopiga video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde.
- UPS kwa kila upande.
- Picha nne za majaribio kwenye flashi.

Picha hizo zitengeneze mwenyewe kwa programu yoyote ya kuchora, ukubwa uleule wa monita. Ya kwanza ni mistari myeusi na myeupe ya upana wa pikseli moja. Ya pili ni maandishi madogo mekundu juu ya bluu, na ya bluu juu ya nyeusi. Ya tatu ni kijivu kinachopanda taratibu kutoka weusi hadi weupe. Ya nne ni ukurasa halisi wa programu anayotumia mteja. Zihifadhi kama PNG. Ukizihifadhi kama JPEG zitakuwa zimeshabanwa kabla hujaanza, na utailaumu ekstenda kwa kosa la faili.

## Hatua ya 1: Funga kila kitu juu ya meza moja

Kabla ya kupanda dari, unganisha kitumaji na kipokezi kwa kebo fupi ya mita mbili, moja kwa moja kama kifaa kinaruhusu, au kupitia swichi isiyo na kazi nyingine. Monita moja ichukue picha kutoka kompyuta bila kupitia ekstenda. Nyingine ichukue kutoka kipokezi. Kama kitumaji kina tundu la kutolea picha ya pale pale, litumie.

Sababu: hapa hakuna waya mrefu wala mtandao wa ofisi. Kasoro yoyote utakayoiona ni ya kompyuta, ya monita au ya ekstenda yenyewe.

Umefanikiwa ukiona picha ya mistari ya pikseli moja kwenye monita ya moja kwa moja ikiwa mistari safi. Ile ya kwenye kipokezi isikusumbue bado.

## Hatua ya 2: Kompyuta itoe picha sahihi

Kompyuta haiioni monita ya mbali. Inakiona kitumaji, na kitumaji kinajitambulisha kwa taarifa iitwayo EDID, inayosema monita inakubali vipimo gani. EDID ikiwa ya kiwandani, kompyuta inaweza kutoa 1280 kwa 720 au 1600 kwa 1200 wakati monita ni ya 1920 kwa 1080. Monita itainyoosha picha ijae, na huo ndio ukungu unaolalamikiwa.

Ingia kwenye mipangilio ya kitumaji, iambie inakili EDID ya monita halisi, kisha zima na kuwasha kompyuta. Hakikisha rezolusheni ni ile ya asili ya monita. Mchezo wa kukuza herufi kwa asilimia 125 ndani ya Windows hauna madhara. Kinachoharibu ni rezolusheni isiyo ya asili.

Angalia pia weusi. Ukiwa wa kijivujivu, upande mmoja unatuma rangi kwa kiwango cha 16 hadi 235 na mwingine unasoma 0 hadi 255. Ikiwa kinyume chake, vivuli vya karibu na nyeusi humezwa. Weka pande zote mbili kiwango kimoja.

Onyo kwa wanaotumia televisheni mahali pa monita, jambo la kawaida kwetu kwa sababu ya bei: televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kukata kingo, halafu huongeza ukali wa bandia. Tafuta hali ya kompyuta kwenye menyu yake na uzime nyongeza zote za picha.

Umefanikiwa mistari ya pikseli moja ikiwa haina mawimbi wala madoa ya kijivu katikati.

## Hatua ya 3: Zima ditheringi

Hatua hii haimo kwenye vitabu vingi vya maelekezo, na ndiyo inayowaangusha watu wenye vifaa vizuri kabisa.

Baadhi ya kadi za picha hubadilisha thamani ya pikseli kidogo sana kutoka fremu hadi fremu ili kuonyesha rangi nyingi kuliko zilizopo. Hiyo ndiyo ditheringi. Jicho halioni. Ekstenda inaona. Ekstenda nyingi huokoa nafasi kwa kutuma sehemu zilizobadilika tu. Skrini ikiwa tuli, karibu hakuna cha kutuma. Ditheringi ikiwaka, kila pikseli inaonekana imebadilika mara 60 kwa sekunde, mtandao unajaa, na kifaa kinalazimika kubana kwa nguvu. Mteja anapata maandishi yaliyochafuka juu ya skrini ambayo hakuna aliyeigusa.

Ni rahisi kuigundua. Fungua ukurasa mtupu, ondoa mkono kwenye mausi, subiri dakika moja, kisha tazama kwenye swichi poti ya kitumaji inapitisha kiasi gani. Kama ekstenda yako ni ya aina inayotuma mabadiliko tu na namba bado iko juu, ditheringi ni mshukiwa wa kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya drayva ya kadi ya picha uizime. Kwenye Linux yenye kadi za NVIDIA, kipengele hicho kimo ndani ya nvidia-settings. Drayva nyingine hazikionyeshi, na hapo jaribu toleo jingine la drayva au tundu jingine la picha.

Ukiwa hapo, ondoa picha ya mandhari yenye vumbi la rangi na uweke rangi moja tulivu. Zima pia picha zinazojibadilisha kila dakika.

## Hatua ya 4: Njia ya waya, kwa hali ya hewa yetu

Cat6 ya shaba inafika mita 100 kwa gigabiti moja, zikiwemo vipande vya ncha zote. Kwa gigabiti 10, Cat6 ya kawaida huishia kama mita 55. Tumia Cat6A ufike 100. Usiunge katikati. Usiilaze kebo sambamba na nyaya za mota za vyumba vya baridi.

Kati ya jengo na jengo, weka faiba. Hapa sitaki kupunguza maneno. Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na dhoruba zake huchacha usiku hadi alfajiri, wakati hakuna mtu wa kuchomoa waya. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya Mwanza imekaa juu ya miamba ya matale, ambayo ni mipitishaji mibaya ya umeme. Fimbo ya athi (inayounganisha umeme na ardhi) iliyogonga jiwe hapo Capri Point haifanyi kazi sawa na iliyozama kwenye udongo wenye unyevu. Majengo mawili yenye athi tofauti yakiunganishwa kwa shaba, radi ikipiga karibu, tofauti ya umeme kati yao hupita kwenye kebo yako na kuua vifaa vya pande zote mbili. Faiba ya kioo haipitishi umeme. Hakikisha tu kebo yake haina waya wa chuma wa kuimarisha, au kama unao, ufungwe kwenye athi inavyotakiwa.

Kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, ambako sakafu huoshwa kwa maji yenye klorini kila zamu, kipokezi kiwe ndani ya boksi lililozibwa na plagi zisielekee juu. Kifaa chenye feni kisikae karibu na dirisha lenye taa upande wa ziwa, maana wadudu wa ziwani wakija usiku huziba feni.

Redio badala ya waya? Kwa ekstenda ya picha, ikwepe ukiweza. Redio ya 5 GHz ikipita juu ya maji, mawimbi huakisiwa na uso wa ziwa na kugongana na yale yaliyokwenda moja kwa moja, hivyo kasi hupanda na kushuka. Kama hakuna njia nyingine, utahitaji ubanaji mzito wa Hatua ya 7 na mteja aambiwe mapema.

## Hatua ya 5: Swichi

Ipe ekstenda VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi ileile. Usiichanganye na kamera, printa na simu za wageni.

Ekstenda nyingi hutuma picha kwa multikasti ili vipokezi kadhaa vitazame kompyuta moja. Swichi isiyoelekezwa huitupa multikasti kwenye kila poti, na hapo ofisi nzima inakwama. Washa usikilizaji wa IGMP (itifaki ambayo vipokezi huitumia kuomba multikasti), na uhakikishe kwenye VLAN hiyo kuna kifaa kimoja kinachofanya kazi ya muulizaji wa IGMP. Watu huwasha cha kwanza na kusahau cha pili. Dalili yake haifichiki: picha inakuja vizuri, halafu inakatika baada ya dakika nne na kidogo. Muda wa kawaida wa uanachama wa kundi ni sekunde 260. Asipouliza mtu, swichi inamfuta mtazamaji.

Mengine ni mafupi:

- Zima kipengele cha kuokoa umeme kwenye poti, kile cha 802.3az. Poti inayosinzia na kuamka huongeza mtikisiko, yaani data kufika kwa nyakati zisizo sawa.
- Poti za ekstenda zianze kupitisha data mara moja, zisisubiri sekunde 30 za kuchunguza mzunguko.
- Kama kitabu cha ekstenda kinataka fremu kubwa (za mtandao, si za video), weka MTU, yaani ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data, iwe 9000 kwenye swichi zote za njiani. Jaribu kutoka laptop ya Windows, yenyewe ikiwa imewekewa MTU hiyo: ping -f -l 8972 ikifuatiwa na anwani. Ikijibu, njia iko wazi.
- Jumlisha vitumaji vyote vinavyopita kwenye waya mmoja wa swichi hadi swichi. Vitatu vyenye kilele cha megabiti 400 havipiti kwenye gigabiti moja.

## Hatua ya 6: Pima njia kabla ya kuifunga ekstenda

Weka laptop mahali pa kitumaji na nyingine mahali pa kipokezi. Upande mmoja andika iperf3 -s. Upande wa pili andika:

iperf3 -c 10.10.5.2 -u -b 800M -t 600

Badilisha anwani iwe ya kwako. Usisahau -b, kwa sababu jaribio la UDP (hilo la -u, linalotuma data bila kusubiri uthibitisho) bila hiyo hutuma megabiti moja tu na kila waya utaonekana mzima. Rudia ukiongeza -R ili upime upande wa kurudi.

Pakiti zilizopotea ziwe sifuri au karibu yake kwa dakika zote kumi. Kisha fungua kaunta za makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) kwenye swichi: zikiongezeka, kebo au plagi ni mbovu, zibane upya. Zikiwa sifuri na bado pakiti zinapotea, huenda laptop yenyewe imechoka. Jaribu nyingine kabla ya kung'oa waya.

Fanya jaribio hili pia wakati mashine zote za mteja zinafanya kazi. Njia iliyopita saa mbili usiku inaweza kuanguka saa nne asubuhi.

## Hatua ya 7: Sasa chagua ubanaji

Kuna maamuzi matatu.

Rangi. Jicho huona tofauti za mwanga kwa makini kuliko tofauti za rangi, na video hutumia udhaifu huo. Kwenye 4:4:4 kila pikseli ina rangi yake. Kwenye 4:2:2 pikseli mbili za mlalo zinagawana rangi moja. Kwenye 4:2:0 zinagawana nne, na data inashuka hadi nusu. Kwa mechi ya mpira hutaona tofauti. Kwa onyo jekundu la herufi ndogo juu ya bluu, kingo zinayeyuka. Hata maandishi meusi ya Windows huguswa, kwa sababu hulainishwa kwa rangi hafifu pembeni mwa herufi. Kazi yoyote ya kusoma maandishi au namba, weka 4:4:4. Ukibanwa na nafasi, shusha fremu hadi 30 kabla hujaigusa rangi. Karani wa mizani hahitaji fremu 60, anahitaji kutofautisha 3 na 8.

Kupoteza au kutopoteza. Ubanaji usiopoteza hurudisha kila pikseli ilivyokuwa, lakini ukubwa wake hutegemea picha: jedwali hubanwa sana, video hubanwa kidogo. Kwenye gigabiti moja, video ikijaa skrini, baadhi ya ekstenda zitaruka fremu ili zisipoteze ubora, na nyingine zitashusha ubora ili zisiruke. Tafuta mpangilio wa tabia hiyo na uuchague kwa makusudi. Kama mtazamaji ni daktari anayesoma eksirei au CT, chagua usiopoteza, na daktari mwenyewe alinganishe na skrini ya kompyuta kabla hujakabidhi.

Fremu moja moja au fremu zinazotegemeana. Mbinu za familia ya JPEG 2000 na JPEG XS hubana kila fremu peke yake: hula nafasi zaidi, lakini hazicheleweshi sana, na pakiti ikipotea doa linaondoka na fremu inayofuata. H.264 na H.265 hutuma fremu nzima mara chache, kisha tofauti tu. Zinaokoa nafasi sana, ndiyo maana hutumika kwa masafa marefu. Gharama yake ni kwamba pakiti ikipotea, uchafu hubaki hadi fremu nzima nyingine ije. Ukizitumia, zima fremu za B, kwa sababu husubiri fremu za mbele, na kusubiri huko mkono wa mtumiaji unakuhisi. Fremu nzima zije kila sekunde moja au mbili.

Ndani ya jengo moja lenye gigabiti safi: 4:4:4, fremu moja moja, ubora wa juu. Kupitia redio au intaneti: H.264, fremu 30, kiwango cha biti kisichozidi theluthi mbili za kile iperf3 ilichoonyesha ukiwa na msongamano.

Umefanikiwa ukiweka picha ya pili, nyekundu juu ya bluu, kwenye monita zote mbili, ukasimama umbali wa mtumiaji na usijue ipi imepita kwenye ekstenda. Kwenye picha ya tatu, kijivu kisipande kwa ngazi.

## Hatua ya 8: Pima ucheleweshaji kwa simu

Rudisha kwa muda monita mbili ziwe sambamba. Fungua saa ya kuhesabu kwenye kompyuta, piga video kwa fremu 240, kisha ihesabu fremu kwa fremu: namba ikibadilika kwenye monita ya moja kwa moja, inachukua fremu ngapi za simu kubadilika kwenye ya pili? Kila fremu ni milisekunde 4.2. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, maana monita yenyewe hujichora kila milisekunde 16.7.

Kwa maoni yangu, ikizidi milisekunde 50 anayeburuta mausi siku nzima atachoka. Ikizidi 100, rudi Hatua ya 7 uangalie fremu za B na ukubwa wa bafa (hifadhi ya muda) ya kipokezi. Kabla ya hapo, angalia kama monita au televisheni iko kwenye hali ya sinema.

## Hatua ya 9: Mkabidhi anayeitumia

Usimkabidhi meneja. Mwite anayekaa kwenye kiti hicho: "Dada, hebu andika kama unavyoandika kila siku, haraka haraka." Mwache dakika kumi bila kumwelekeza. Akigonga herufi mara mbili, au akisogeza uso karibu na skrini, umeshapata jibu ambalo hakuna kipimo kitakupa.

Kisha andika karatasi na uibandike ndani ya mlango wa raki: rezolusheni, EDID iliyonakiliwa, kiwango cha rangi, hali ya ditheringi, VLAN, nani ni muulizaji wa IGMP, MTU, matokeo ya iperf3 ya pande zote mbili, aina ya ubanaji, 4:4:4 au 4:2:0, fremu kwa sekunde, na milisekunde ulizopima. Andika pia toleo la drayva ya kadi ya picha, kwa sababu Windows ikijisasisha inaweza kuiwasha ditheringi upya, na fundi atakayeitwa siku hiyo atajua pa kuanzia.